Bua la Mpapai, Njia ya Kizimkazi

Ipo siku moja ya masika ambayo nikifumba macho bado naisikia, mwanangu. Sisemi naiona, nasema naisikia: mvua juu ya bati la gari, injini ikikoroma, na chini ya hayo yote sauti nyembamba, kama ya mtu anayevuta pumzi kwa meno. Ilikuwa miaka michache baada ya Mapinduzi. Nilikuwa kijana, dereva wa teksi pale Darajani, mjini Unguja, kwenye gari isiyokuwa yangu.

Niwie radhi nikienda polepole. Mgongo hauniruhusu tena kukaa kitako muda mrefu, na usingizi umekuwa mgeni anayeingia bila hodi na kuondoka bila kuaga. Nimechoka, na uchovu wenyewe si wa leo. Skuli niliiacha darasa la nne, baada ya kuifungua saa ya ukutani nione kinachoisukuma. Mwalimu alinitaka niirudishe ilivyokuwa. Sikuweza, nikaona aibu kurudi. Tangu hapo nilikuwa mtu wa kupita. Nimeuza barafu, nimepaka chokaa majumba ya watu, nimekwenda Pemba kwa msimu mmoja wa karafuu nikakaa mitatu. Kila nilipokwenda, kitu nisichokijua nilikifungua. Kituoni wenzangu wakaniita Fungua, na mimi nikalipenda jina lile. Kijana hupenda hata jina linalomsema.

Gari yenyewe ilikuwa ndogo, ya Kiingereza, kuukuu, rangi ya maziwa yaliyochacha. Ilikuwa ya Mzee Ubwa wa mtaa wa Malindi, aliyekwisha zeeka akaacha kuendesha. Spea siku zile hazikupatikana, na kila gari mjini ilikuwa imevaa viungo vya nyingine iliyokufa. Waipa zake, mwanangu, hazikutumia umeme kama za leo. Zilichezeshwa na pumzi ya injini. Mpira wa upana wa kidole ulitoka kwenye injini ukaenda hadi kwenye kikopo kilichokuwa chini ya kioo cha mbele. Injini ikivuta hewa kwa mpira ule, waipa hupiga kulia na kushoto. Isipovuta vizuri, waipa hulala.

Zangu zilianza kulala mwanzo wa masika. Nikafanya nini? Nikafungua. Kwanza nilizivua raba zake, nikakata nyingine kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Haikufaa. Mwenzangu mmoja akasema nisugue kioo kwa tumbaku, mwengine akasema kwa kitunguu. Nikasugua vyote viwili, na abiria wakawa wananiuliza kama ninatokea jikoni. Mwisho nikakifungua kikopo chenyewe, nikakiosha kwa mafuta ya taa, nikakirudisha, na mkononi ikanibakia skurubu moja ambayo hadi leo sijui ilitoka wapi. Nikaiwasha injini pale pale kituoni. Waipa zikapiga upesi upesi, kama mtu anayefukuza nzi. Nikafunga boneti, nikajiona fundi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake: niliipima gari ikiwa imesimama, kwa sababu ikisimama ilinisifu.

Asubuhi ya pili yake, kiasi cha saa nne, mvua ikiwa bado nyepesi, akaja Bi Mize. Nilimjua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkaazi wa mtaa wa Ng'ambo, mpiga kinanda katika klabu moja ya taarab ya wanawake. Mara nyingi nimempeleka arusini yeye na kile kinanda chake cha mvukuto. Siku ile alikuja mikono mitupu, buibui limelowa mabegani.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Mama kafariki alfajiri. Wanamzika baada ya adhuhuri. Nipeleke Kizimkazi."

Unajua ada zetu. Wanawake hawaendi makaburini. Jeneza likishatoka nyumbani, mwanamke hana tena njia ya kumwona maiti wake. Kwa hivyo yaliyokuwa mbele ya Bi Mize ni mawili tu: ama afike mama yake angali ndani, amfunue uso, amuage, au asifike, na iwe basi. Gari za abiria za shamba zilikuwa zimeshaleta watu mjini, bado hazijaanza safari ya kurudi. Ilibaki teksi yangu.

Nikamwambia, "Ingia, Bi Mize. Nitakufikisha kabla kafani haijafungwa."

Mwanangu, usimwahidi mtu saa isiyo mkononi mwako.

Tulipoipita Tunguu mvua ikafunguka. Haikuwa ya matone tena, ilikuwa ya ndoo. Nikakanyaga moto, gari izidi mwendo. Waipa zikapunguza, zikasita, zikalala katikati ya kioo kama mijusi miwili. Nikaondoa mguu kubadilisha gia, zikaamka. Nikakanyaga, zikalala. Nikasema moyoni haidhuru, njia hii naijua. Nikatoa kichwa dirishani, maji yakinichoma macho, nikazidi kukanyaga. Bi Mize alikaa kiti cha mbele, mikono mapajani, macho kwenye kioo. Nilidhani ukimya wake ni wa kuniharakisha.

Karibu na Kitogani ndipo kilipotokea kitu cheusi mbele yangu, kipana kama nyumba. Nikavuta usukani, gurudumu moja likaingia mtaroni, gari ikazunguka nusu na kusimama. Kilikuwa ni gari la ng'ombe lililopakia makuti. Mwenyewe alikuwa amejifunika gunia kichwani. Hakutukana. Aliinama dirishani, akanitazama vizuri, akasema, "Ng'ombe huyu ana chongo, na bado kakuona weye kwanza." Kisha akamgonga ng'ombe wake wakaenda zao.

 Nikatia gia nirudi barabarani niendelee na mbio zangu, maana ng'ombe wa watu hakuzuia saa. Bi Mize akaweka mkono juu ya usukani.

"Mwanangu, aliyefiwa ni mimi. Mbona mwenye mbio ni wewe?"

"Nataka uwahi, Bi Mize. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na waliosema hivyo ndio waliosema kawia ufike. Kwetu leo kafa mmoja, yatosha. Sitaki kwenda kumuaga mama na damu ya mtu kwenye matairi."

 Akaendelea kwa sauti ile ile, kama mtu anayehesabu nguo za dobi.

"Tokea Tunguu nnakitazama kioo, sina pengine pa kutazama. Ukikanyaga, zinalala. Ukiondoa mguu, zinaamka. Na kila zikilala, pana kitu hapo mbele kinavuta pumzi. Kinanda chetu kilitoboka mvukuto mwaka juzi. Kililia hivi hivi."

Nikateremka, nikachukua bisibisi yangu. Naye akateremka na mwavuli.

"Unakwenda kufungua nini?"

"Kikopo."

"Kimekwambia kinaumwa?"

Mwanangu, maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii, na kila ninaposhika bisibisi nayasikia. Kimekwambia kinaumwa? Miye niliyekuwa nikijiita mdadisi, sikuwa nimekiuliza kitu chochote. Nilikuwa nafungua tu. Kuna udadisi wa mikono na kuna udadisi wa masikio, na huu wa pili ndio mzito, maana unakutaka unyamaze.

Nikaiacha injini ikinguruma. Yeye akanishikia mwavuli, mimi nikainama, nikavuta moto kwa mkono kidogo kidogo, nikasikiliza. Ssss. Ilikuwepo. Nikapitisha kidole chini ya ule mpira, upande unaogusa bati, upande usioonekana, nikaukuta ufa wa urefu wa ukucha. Ndio hayo tu. Injini ikitulia huvuta kwa nguvu sana, hata mpira ukiwa na ufa waipa hupiga. Ndiyo maana kituoni zilinidanganya. Ukikanyaga moto, mvuto hupungua, na ule mdogo unaobaki ulikuwa unaishia kwenye ufa. Wazee husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta mzima kabla ya kuutafuta ufa ulipo.

Kando ya njia palikuwa na kibanda, mzee mmoja amekaa barazani akisuka ukili, na ubavuni mwa kibanda mpapai. Watoto wa shamba hukata jani la mpapai, wakalifanya bua lake mbiu, kwa kuwa lina uwazi ndani. Mpira wa kununua ningeupata wapi? Nikamwendea yule mzee, nikamwamkia, nikamwomba jani moja.

"Siku hizi gari zinakula mapapai?" akauliza.

"Inataka bua tu, babu. Mpira wake umepasuka, inavuta pumzi."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi ukimaliza, nitie na miye moja. Kifua changu kinapiga mluzi mwaka wa tatu huu."

Lakini aliinuka. Alinikatia bua mwenyewe, akanipa na miyaa ya kufungia, na donge la ulimbo wa fenesi ambalo wajukuu wake walikuwa wameliweka kutegea ndege. Nikautoa mpira uliopasuka, nikatia bua mahali pake, nikafunga ncha zote mbili, nikazipaka ulimbo. Nikaitoa gari mtaroni, tukaondoka, mzee bado anacheka peke yake.

Sasa waipa zilifanya kazi, lakini kwa sharti. Ukienda kiasi, zinapiga. Ukitaka makuu, zinalala, kwa sababu ndivyo zilivyoumbwa, nzima au mbovu. Gari yenyewe ilikuwa ikisema mwendo gani inaweza kuona. Tukaenda mwendo huo. Na hapo, mwanangu, ndipo palipokuwa pagumu kuliko mtaroni, maana tulipopita Muyuni tulisikia adhana ya adhuhuri. Sote wawili tulijua maana yake. Mguu wangu ukawa mzito wenyewe, waipa zikaanza kusinzia.

"Taratibu," akasema Bi Mize. Hakunitazama. Midomo yake ilikuwa ikisoma kitu.

Nikaondoa mguu. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile ya kuondoa mguu.

Tuliingia Kizimkazi mvua ikiwa bado inanyesha. Hatukufika nyumbani. Kabla ya nyumba, njia inapopinda, tuliwaona wanaume wakitoka msikitini, kanzu zimewaganda miguuni, na juu ya mabega yao jeneza, kitambaa chake cha kijani kimelowa kikawa cheusi. Walikuwa wanavuka njia kuelekea makaburini.

Nikasimama. Sikuizima injini, sikukumbuka kuizima. Gari ikatulia, mguu wangu uko juu, na waipa zikaanza kupiga kwa nguvu ambazo sikupata kuziona hata siku moja, huku na huku, huku na huku, mpaka kioo kikawa kama hakipo. Bi Mize akasogea mbele, akaweka viganja kwenye dashibodi. Jeneza lilipita mbele yetu polepole, kutoka upande wake hadi upande wangu, na yeye akalifuata kwa macho, asilipoteze hata kidogo. Hakuita mtu wala hakuomba wasimame. Maiti hasimamishwi njiani.

Lilipokaribia kupotea nyuma ya ua wa makuti, akasema, "Nshamwona."

Nikataka kumwomba radhi. Hakunipa nafasi.

"Teremka, mwanangu. Miye mwisho wangu hapa. Weye mwanamme, nenda ukashike bega langu."

Nikateremka, nikakimbia kwenye matope, nikaomba nafasi, mtu mmoja akanipisha. Nikambeba mama yake Bi Mize, ambaye sikupata kumjua, hatua zilizobaki hadi kaburini. Mara moja niligeuka. Waipa zilikuwa zikipiga bado, na nyuma ya kioo Bi Mize amekunjua mikono miwili, anaomba dua.

Lile bua lilipikika kwa joto la injini, likakatika jioni nikirudi peke yangu. Mvua ilikuwa imekwisha, sikuhitaji waipa.

Sasa nimekuwa mzee kuliko alivyokuwa Bi Mize siku ile, na nikikaa barazani nawaona mnavyopita, kila mmoja kichwa dirishani. Sikulaumuni, na mimi nilipita hivyo hivyo. Ila nina maneno haya ya kukwambia kabla sijachoka zaidi. Kitu kikiharibika, kiwe gari, kiwe nyumba, kiwe mtu wako, usianze na bisibisi. Anza na sikio, na umwachie nafasi aliyekaa pembeni yako, pengine yeye amekwisha sikia. Kazi yako usiipime pale inapokusifu, ipime njiani, penye mvua. Na msiba wa mwenzio usiufanye mbio zako. Ukiona huoni, mwanangu, ondoa mguu. Utachelewa, ndiyo. Pengine utalikuta jeneza limekwisha toka. Lakini utaliona likipita, na kuna waliokwenda mbio ambao hata hilo hawakulipata.

Mola akujaalie njia yenye watu wazuri kando yake, na mguu unaosikia. Na siku yangu ikifika, akuwekee nguvu ya kuja kulipokea jeneza langu begani, mvua inyeshe isinyeshe. Usije mbio. Njoo tu.