Feri ni ya Kuvuka

Baba yangu alikuwa karani wa tiketi kwenye meli za abiria zilizokuwa zikizunguka Ghuba ya Winam, kutoka Kisumu kwenda Kendu Bay, Homa Bay na kwingineko, kabla ya barabara mpya na magugu maji kuziua safari hizo. Kazi ilipokwisha akahamishiwa ofisi za reli Nairobi, nasi tukakulia huko, mitaa ya Eastlands. Sasa amestaafu, anaishi nami hukohuko, mtaa wa Mowlem, na mwaka jana daktari aliniambia wazi kwamba kumbukumbu zake zinaondoka na hazitarudi.

Basi nikanunua daftari. Nilitaka kitu kimoja tu: gati zote, moja baada ya nyingine, na watu waliopandia hapo. Hakukuwa na mwingine wa kumuuliza. Wenzake wa melini wameshazikwa.

Jumamosi ya kwanza, baada ya kufua, nikaketi naye kwenye roshani chini ya nguo zilizokuwa zikichuruzika. Nikamwambia, "Baba, nieleze historia ya zile feri."

Akaniangalia kama abiria aliyepanda bila tiketi.

"Feri gani, mama?" Ananiita mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Feri ni ya kuvuka. Unatoka upande huu, unashukia ule, hata uji haujapoa. Meli ni ya kusafiri. Mimi nilifanya kazi kwenye meli."

"Lakini siku hizi watu wote wanasema feri."

"Basi kawaulize hao watu."

Siku hiyo sikupata hata gati moja.

Nakiri kwamba mimi pia nina kichwa kigumu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Nilikuwa nimeshaandika FERI kwenye jalada kwa kalamu nzito, na sikuona sababu ya kufuta. Jumamosi nyingine alijisahau akasimulia vizuri: akina mama wa Kendu waliopanda na vyungu vilivyofungwa kwa nyasi, mbuzi waliogoma kushuka Kowuor, na jinsi alivyokuwa akiita jina la kila gati kwa sauti kubwa ili waliolala waamke. Tukafika Homa Bay. Nami, kwa ulimi wangu huu, nikauliza, "Na feri ikitoka hapo ilikwenda wapi?"

Akainama, akaanza kukagua akala zake, viatu vya tairi vya soko la Kariokor.

"Iulize feri."

Nilichemka. Maji ya mfereji yalikuwa hayajaja kwa siku nne, mitungi yote mitupu, na mimi nimeketi nabishana na mzee juu ya jina la chombo kisichokuwepo tena.

"Baba, hilo jina litakusaidia nini?"

"Kuvuka hata mbuzi huvuka, mama."

Binti yangu, ambaye amezaliwa hapa na hajawahi kuliona ziwa, alikuwa akikusanya mitungi. Akacheka. "Mathe, si umwandikie tu meli? Kwani utadedi?"

Kufa nisingekufa. Ukweli ni kwamba nilitaka kushinda, na kwa ajili ya hilo nilipoteza Jumamosi nyingi ambazo hazikuwa zangu kuzipoteza.

Mwezi uliopita nilisalimu amri. Nikabandika karatasi mpya juu ya jalada, nikaandika MELI, nikamwonyesha. Akaitazama kwa adabu, kama picha ya mtoto wa jirani. Nikamsomea yote tuliyokuwa nayo: Kisumu, Kendu, Kowuor, Homa Bay.

"Sasa, baba. Meli ikitoka Homa Bay ilikwenda wapi? Asembo au Mbita?"

Akapitisha kidole juu ya neno jipya.

"Meli?" akasema kwa upole. "Ile feri, mama? Si ilikuwa inavuka tu."

Hasira ilinipanda, na sikujua nimkasirikie nani. Nikaisikia sauti yangu inapaa, majirani wakisikia na wasikie.

"Si feri, baba! Feri ni ya kuvuka. Meli ni ya kusafiri. Wewe ulifanya kazi kwenye meli!"

"Kumbe," akasema, akanisogelea, uso umemchangamka. "Na ilikuwa ikienda wapi?"