Panya Wasionenepa na Upawa wa Kanini

Kanini Mutheu Ndunda ni binti wa Kioko, yule aliyeongoza mwethya, kikundi cha wanakijiji wanaosaidiana kazi, katika kuchimba matuta katika vilima vya Kathiani, matuta ambayo mpaka leo yanazuia udongo usiteremke na mvua. Mama yake alikuwa Kalunde. Katika njaa ya nikw'a ngwete, watu walipokufa na pesa mkononi kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwepo, Kalunde alichemsha mboga za mwituni na hakuna mtoto wa jirani aliyepita langoni pake bila kuitwa. Kanini naye aliolewa na Ndunda, akamlea Mike, na upawa wa nyumba hiyo hajamwachia mtu. Mgeni aliyekula kwake hutoka akilegeza mshipi. Hilo Kathiani nzima haibishi.

Ndipo Mike akamwoa Pauline.

Pauline alikuwa mwembamba kama ufito, na mlaji. Muthokoi wa mahindi na maharagwe alikula, chapati alikula, parachichi alikula. Mwili ukakataa. Kwa Kanini, mkaza mwana aliyekonda ni tangazo lililobandikwa langoni: hapa watu hulala njaa. Hata muuza ndizi sokoni alimwuliza, "Mama Mike, huyo msichana mnamwonyesha chakula kwa picha?"

Basi Kanini akawa anaongeza. Sahani ya kwanza ikiisha, ya pili inatua kabla mtu hajafuta mdomo. Mpaka jioni moja Pauline alipoisukuma kando.

"Mwaitu, mama yangu, nimeshiba. Ukiniwekea ya pili tena, nitarudi kwetu Kivaa, na sitarudi hapa."

Mike aliangalia chini. Kanini aliiondoa sahani. Alilala na neno hilo, akaamka nalo, akaenda nalo kazini.

Kazi yake ni mjini Machakos, katika maabara moja ya utafiti, kutunza panya weupe: kubadilisha maranda, kujaza maji, kuweka chakula. Chakula ni kimoja, chenye mafuta mengi. Panya wa vizimba vya kushoto walikuwa wamenona mpaka shingo zikapotea. Wa kulia walikula kile kile na wakabaki wepesi kama walivyoletwa. Kanini alikuwa amejionea mwenyewe kwamba hawa wa kulia wanadhulumiwa. Na kwa vile kiumbe kilicho chini ya mkono wake ni mgeni wake, alikuwa akiwaletea kiporo kutoka nyumbani ndani ya mfuko wa aproni.

Asubuhi hiyo Ruqaya Farhan, binti wa mjini anayewapima panya hao, alichokora maranda akaokota kitu.

"Mama Mike, hii ni maharagwe?"

"Ni muthokoi. Iko na mafuta, nimekaanga vizuri."

Ruqaya akakaa chini. "Umewapa tangu lini?"

"Tangu nilipoona mbavu."

"Hawa mbavu zao hazionekani, mama."

"Mimi naziona."

Ruqaya alivuta pumzi. Kizimba hicho, alisema, kimeharibika, itabidi kitolewe kwenye jaribio, na jambo hili lisirudiwe. Kisha akamweka panya mmoja juu ya mizani. "Na tazama. Pamoja na muthokoi yako yote, hajanenepa."

"Ako na minyoo?"

"Hana."

"Basi ni huzuni."

"Ni urithi, mama. Amezaliwa na jeni zinazoufanya mwili uunguze mafuta badala ya kuyaweka. Hawa wa kushoto wanayaweka. Jeni hizo ni nyingi, na zingine bado hatuzijui."

"Kwa hivyo hata wewe hujui."

"Najua kidogo."

Kanini akatazama kushoto, akatazama kulia. "Huyu akikonda, aliyemlisha hana makosa?"

"Hana."

"Na yule akinona, aliyemlisha hana sifa?"

Ruqaya alimrudisha panya kizimbani. "Sifa iko, lakini si yake yote."

Jibu hilo lilimvuruga Kanini kuliko lile la kwanza. Siku nzima alikuwa akimwaga maji nje ya chupa. Alimkumbuka kaka yake Kimeu. Mwaka ule wa njaa walikula chungu kimoja na Kimeu, Kanini akabaki na mashavu, Kimeu akawa mifupa. Majirani walisema Kalunde anampendelea msichana. Kalunde alikwenda kaburini akiwa na neno hilo mgongoni. Je, alipendelea? Au ilikuwa damu tu? Na kama ni damu, yeye Kanini amekuwa akijivunia nini miaka yote hii, na akimlazimisha Pauline kula kwa nini?

Alipofika nyumbani aliliona begi la Pauline karibu na mlango, zipu imefungwa. Alilipita. Aliinjika sufuria, chakula kikaiva, akaushika upawa. Mkono ukasimama hewani. Hakujua apakue kiasi gani.

"Pauline, njoo hapa."

Pauline akaja, uso umekazwa, macho kwenye sahani.

"Shika," Kanini alisema, akamgeuzia mpini. "Kuanzia leo kupakua katika nyumba hii ni kazi yako. Sahani yako, ya Mike, yangu, ya mgeni."

Pauline aliupokea polepole. "Nipakue kiasi gani, mwaitu?"

"Sijui. Nilidhani najua."

"Na nikikosea, watu watasema."

"Watasema. Upawa huo umezoea kusemwa. Anza na sahani yangu."