Mama Rejeta na Mashine ya Dakika Kumi na Moja

Shangazi yangu akitaka kujua kitu kina joto kiasi gani, hatumii kiganja. Anatumia mgongo wa mkono. Anasema viganja vyake vilishakufa ganzi kwa miaka thelathini na nane ya kuchomelea rejeta za magari, ila mgongo wa mkono bado una adabu, ukiguswa na moto unasema. Kwa mkono huo amepima mabomba, masufuria na mapaji ya nyuso ya watoto wenye homa. Siku moja alipima hata injini ya pikipiki ya mgeni aliyeapa kwamba amefika sasa hivi, hajapita popote. Injini ilikuwa baridi. Mgeni alikuwa ameshakula kwa jirani.

Mtaa mzima unamwita Mama Rejeta. Karakana yake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati ambao haufungiki mpaka uuinue kwa goti. Ndani kuna meza ya mbao iliyoungua pembe zote, pipa la maji la kuzamishia rejeta ili uone mapovu yanatokea wapi, na ukuta mmoja ambao ndio daftari lake. Anaandika kwa chaki, anafuta kwa kiwiko. Zamani magari yalipanga foleni pale nje. Siku hizi rejeta zinakuja na plastiki ubavuni, ikivuja watu wanaitupa na kununua nyingine, na wiki nyingine anapita mtu mmoja tu, tena kuulizia njia.

Hapo ndipo alipoingilia mwanawe mkubwa, binamu yangu, ambaye tunamwita Meneja. Anasimamia watu wawili, na mmoja wao ni yeye mwenyewe. Simsemi vibaya, anampenda mama yake kupita kiasi, ila mapenzi yake yana amri. Alishapata mtu wa kupanga kile chumba auze makava ya simu.

"Mama, umri umekwenda. Pumzika."

"Nipumzike nimechoka na nini?"

"Kazi yenyewe haipo tena, Mama. Unakaa tu humu ndani."

Niliona neno hilo limempata Shangazi pabaya. Akainuka, akafuta mikono ambayo wala haikuwa na uchafu, akasema, "Basi nileteeni kazi moja ya siku hizi. Moja tu. Nikiishindwa, ufunguo huu hapa, chukua."

Mimi na mdomo wangu usio na breki nikadakia, "Niundie kompyuta, Shangazi!"

Kazi yangu ni kuchora picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa, ili mwenye kiwanja aone sebule yake kabla hajanunua tofali la kwanza. Picha moja nzuri inataka mashine ifikiri masaa saba bila kupumua. Yangu ya zamani ilikuwa ikianza kufikiri inachemka, inazima. Meneja alicheka, halafu akakubali: Jumamosi asubuhi atakuja, mashine iwashwe mbele ya macho yake, na ikimaliza picha bila kuzima, karakana inabaki. Ikizima, anachukua ufunguo.

Tukaanza kutafuta vifaa. Kasha tulilipata kwenye ofisi iliyokuwa inahama, limebonyea ubavu mmoja. Shangazi akalinyoosha kwa nyundo ya mpira kabla hatujafika nyumbani. Feni tatu zilitoka kwenye mashine tatu tofauti, kila moja na mlio wake. Vilivyobaki tulivipata kwenye kibanda cha muuza spea za kompyuta, mzee mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya: prosesa, ile inayofanya hesabu zote, ubao wa kuipachika, na chombo cha kuipoza, yaani mabomba manne ya shaba yaliyopita katikati ya mapezi ya bati. Shangazi alipokiona chombo hicho alikishika kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Hee! Mbona hii ni rejeta! Rejeta ndogo!"

Kisha akaanza kuuliza. Hiki kidude kinatoa joto kiasi gani? Likitoka hapo linakwenda wapi? Nani anasukuma, nani anavuta? Muuza spea akavua miwani. "Mama, wateja wangu wote wanauliza ina kasi gani. Wewe wa kwanza kuniuliza joto linakwenda wapi." Shangazi alitembea na maneno hayo wiki nzima, mpaka tukayachoka.

Wakati tunaondoka mzee akatuita, "Msisahau pesti ya kijivu kati ya prosesa na chombo cha kupoza! Kidogo tu!"

"Ninayo karakana," Shangazi akajibu bila kugeuka. Nami nikaamini. Nani angembishia?

Alhamisi tukaunganisha. Haki ya nani, sijawahi kumwona Shangazi na furaha ile. Alifunga skrubu kwa zamu, huku kidogo, kule kidogo, mshazari kwa mshazari, kama anavyofunga kichwa cha injini. Alifunga kipande cha uzi kwenye njiti na kukipitisha kila kona ya kasha aone upepo unaelekea wapi. Akagundua feni ya nyuma inapuliza ndani badala ya kutoa nje, akaigeuza. "Unaona? Hewa ni kama wageni. Wakiingilia milango yote miwili hakuna anayetoka."

Tukawasha. Picha ikaanza kujichora: ukuta, dirisha, kivuli cha dirisha. Dakika ya kumi na moja, tii! Ikazima.

Shangazi akatia mgongo wa mkono kwenye mapezi. "Baridi kabisa," akasema kwa majivuno. "Rejeta yangu inafanya kazi. Ubovu uko kwingine."

Tukawasha tena na ubavu wazi: dakika kumi na mbili. Tukailetea feni ya mezani iitazame usoni: kumi na moja. Akaandika kwenye ukuta, 11, 12, 11, akasimama anazitazama namba hizo huku amejishika kiuno. Mtu mwingine angelia. Yeye alikuwa anazisoma kama barua kutoka kwa mtu anayemjua, ila jina limempotea.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Ijumaa asubuhi nikaenda kibandani kumpa yule mzee vidonge vyake. Nilimwambia ametuuzia prosesa iliyooza, anawaibia akina mama, mbele ya wateja wake. Mzee alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Mmepaka pesti?"

"Tumepaka!"

"Namba ya joto kwenye skrini inasoma ngapi?"

Sikujua hata kama kuna namba. Nikazidi kukasirika, maana hakuna kinachouma kama kuulizwa kitu cha maana ukiwa unapiga kelele. Akanielekeza pa kuifungua, akanipa na bomba dogo la sindano lenye pesti. "Shika, huenda yenu imekauka. Ikishindikana, ileteni niitazame." Nikalitia mfukoni kwa hasira, nikageuka bila hata ya asante. Nilipofika karakana nilisimulia jinsi nilivyomkomesha. Habari ya namba sikuigusa, na bomba nililisahau. Hasira hasara, watu walishasema, mimi ni nani nisipate yangu?

Jumamosi saa tatu kasoro Meneja akaingia na futi ya kupimia. Alisalimia vizuri, akamwamkia mama yake, kisha akaanza kupima ukuta. Shangazi akabonyeza swichi.

Ili nisikae bure, nikafungua ile namba ya joto. Nikaisoma kwa sauti. Sabini. Themanini na tatu. Tisini.

"Tisini nini?" Shangazi akauliza. Mkono wake ulikuwa juu ya mapezi.

"Nyuzi joto. Za prosesa. Tisini na nne sasa."

"Haiwezekani. Hapa baridi."

"Tisini na sita, Shangazi."

Akauhamisha mkono kutoka pezi hadi bomba, kutoka bomba hadi pezi. Baridi. Nikaona uso wake unabadilika polepole. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayejikumbusha somo la darasa la kwanza: "Rejeta baridi, injini inachemka. Gari likija hivyo ninasemaje? Ninasema njia imeziba. Moto haufiki."

Tii. Dakika ya kumi na moja. Ikazima.

Shangazi akaenda kwenye rafu, akarudi na tyubu yake ya kijivu. Ilikuwa gundi ya gasketi, ile ya kuzibia vyuma vya injini visivuje. Akaisogeza mbali na macho asome maandishi. "Inastahimili moto mkali," akasoma. Akacheka, kicheko kikavu. "Kwa sababu haiupitishi, mpumbavu mimi! Imeuzuia. Nimekuwa mlinzi mlangoni, namfungia nje mgeni niliyemwita mwenyewe."

Nikamnong'oneza, "Sema ni prosesa mbovu. Nani atajua?"

"Mficha uchi hazai," akajibu kwa sauti yake yote, "na mimi nimezaa watatu, mmoja huyo hapo na futi yake." Akautoa ufunguo shingoni, akamtia Meneja mkononi. "Chukua. Nimeharibu mwenyewe, na imezima mbele yako. Maneno ni maneno. Lakini nipe nusu saa kabla hujafunga. Sitoki humu bila kujua kama ni hiyo kweli."

Jamani, mimi machozi yalinilenga. Yeye hakuwa na nafasi ya machozi. Alikuwa ameshashika bisibisi.

Chombo kilikuwa kimegandia. Meneja akasema, "Kivute tu."

"Thubutu! Prosesa ina miguu kama nywele, itang'oka nayo. Kitu kilichogandia hukivuti, unakizungusha." Akakizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, kama anamtoa mtoto usingizini, mpaka kikaachia. Chini yake kulikuwa na utando wa mpira, mnene, umepakwa kwa ustadi wa ajabu. Sijaona kosa lililofanywa kwa usafi namna ile. Tukaubandua kwa kadi yangu ya zamani ya maktaba, tukafuta kwa kitambaa na spiriti hadi vyuma vyote viwili vikang'aa.

"Sasa hiyo pesti yenyewe tutaipata wapi?" akauliza.

Nikatia mkono mfukoni. Nikalitoa lile bomba dogo. Nikaeleza limetoka wapi, tangu lini, na nini kingine nilichoambiwa kule. Aliyoniambia Shangazi hapo sitayaandika, ila yalikuwa marefu na yaliniingia. Jumatatu nilikwenda kuomba radhi kwa yule mzee, na maneno yake yeye yalikuwa mafupi zaidi.

Punje moja ya pesti katikati. Skrubu mshazari kwa mshazari. Swichi.

Sabini ikafika, ikasimama. Ikashuka sitini na nane. Meneja alikuwa ameacha kupima. Dakika ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili. Ya ishirini. Shangazi akatia mgongo wa mkono kwenye mapezi, akaurudisha haraka. Pamoto!

"Karibu," akaliambia joto. "Karibu ndani. Umechelewa, lakini umefika."

Meneja akasogea, akanyoosha kiganja. Akapigwa kofi la mkononi. "Si kiganja! Mgongo!" Akageuza mkono. Mtu mzima, mwenye tai, amezaliwa na kulelewa kwa rejeta zile, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kugusa kitu katika chumba kile asikimbilie kufuta mkono.

"Sasa likitoka hapa linakwenda wapi, Mama?"

Lo! Angeulizwa nini kingine cha kumfurahisha zaidi? Akamletea ile njiti yenye uzi. Akamwonyesha feni inayovuta na feni inayotoa, akamfunulia habari ya shaba na bati, ya maji na hewa. Meneja akauliza tena, na tena. Simu yake ikaita, akaitazama, akasema, "Nitakupigia," akairudisha mfukoni. Nilijua ni yule wa makava. Tai ikaenda kutundikwa kwenye msumari.

Saa kumi na robo picha ikamalizika: sebule nzima, na mwanga wa dirishani umelala sakafuni. Shangazi hakuitazama sana. Alifuta 11, 12, 11 kwa kiwiko, akaandika masaa saba.

Halafu akachukua mkoba wake, akatoka nje, akasimama kando ya mlango kama mpangaji aliyehamishwa. Alikuwa ametoa neno lake, na hakuwa mtu wa kulirudisha. Nami nikamfuata. Meneja akatoka nyuma yetu, akauinua mlango wa bati kwa goti, pale pale panapotakiwa, akafunga. Akauangalia ule ufunguo kiganjani. Kisha akamvalisha mama yake shingoni, akairekebisha kamba isimkwaruze.

"Jumatatu unafungua saa ngapi, Mama?"