Bomba Linaloacha Nafasi ya Shikamoo

Naikumbuka vizuri, mwanangu, ile siku fundi wa Igogo alipokata bomba la moshi la gari langu, akaitupa pembeni sailensa inayomeza kelele na kuchomelea bomba pana lililonyooka. Nilipowasha, kuku wa jirani walitawanyika. Nikikanyaga mafuta gari linaruka, linanguruma mpaka kifua kinatetemeka. Sitakudanganya, raha ile hata leo naisikia mwilini.

Nikaenda moja kwa moja Butimba kumwonyesha Neema, binti niliyetaka kumuoa. Wazee wangu walipanga kupeleka posa wiki hiyo. Baba yake, mwalimu mstaafu, alikuwa nje anamwagilia mchicha. Nikapunguza mwendo, nikatoa kichwa dirishani: "Shikamoo, mzee." Hakuitikia. Nikarudia kwa nguvu. Akanitazama tu. Nikaona ananidharau, nikakanyaga mafuta nikaondoka.

Jioni Neema akaniletea habari kwamba baba hataki tena kupokea posa. Hawezi kumwoza binti yake kwa kijana anayempita mtu mzima bila salamu, tena akimngurumia. Nilimpenda sana yule binti.

Kesho yake nikaliacha gari barabarani, nikaenda kwa miguu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe sauti unayo."

Nikamweleza kwamba jana nilimsalimia mara mbili. Akasema, "Hebu lilete." Nikalileta. Akaketi kwenye usukani, akakanyaga mafuta mara tatu, anatabasamu kama mtoto. "Tamu kweli," akasema, akashuka. "Usilizime. Nisalimie hivyo hivyo." Nikamsalimia. Akaweka mkono sikioni, akatikisa kichwa. Nikaelewa, nikazima.

Siku hiyo hiyo fundi alinifungia sailensa nyingine, ndogo. Sauti ikatulia, ikawa nzito ya chini, na gari likabaki jepesi. Posa ilipokelewa. Neema ndiye mama yako.

Kwa hiyo badilisha bomba la gari lako kama unavyotaka, mwanangu, nami nitakuja kulisikiliza, maana hamu hiyo umeirithi kwangu. Ila mwambie fundi aache sailensa nzuri, na kabla hujaenda kuwaringishia wenzako, pita kwanza hapa nyumbani. Msalimie mama yako gari likiwa limewashwa. Akiitikia, limekaa sawa. Mungu akulinde barabarani, na kila utakapopita, usikie marahaba.