Mbuzi ya Mama Ukutani

Jina lake nalikumbuka, na la baba yake pia, maana alijitambulisha kwangu kama mtu aliyekuja kuposa. Sitalitaja. Nikilitaja atafurahi.

Ulikuwa mwaka wa pili wa Uhuru, hapa Diani. Kijana ametoka Nairobi, amesoma ng'ambo, na hoteli moja imempa ukumbi aonyeshe alichokiita sanaa ya kisasa. Akawa anapita majumbani kuazima vyombo: kinu hapa, ungo pale. Kwangu akaitamani mbuzi ya kukunia nazi aliyoniachia mama alipofariki. Sikuwa na kitu chake kingine. Ubao wake ulikuwa laini kwa miaka aliyoukalia.

"Siku tatu tu, mama."

Mgeni utamnyimaje? Nikampa.

Siku tatu zikawa kumi. Nakuna nazi kwa jirani, na mavyaa, mama wa mume wangu, hanyamazi. "Hata mbuzi ya marehemu mamako umeigawa! Kesho utatugawa sisi."

Nikajitanda kanga, nikaenda zangu hotelini.

Nikaikuta imepigiliwa misumari ukutani, imepakwa nyeusi, nyekundu na kijani. Meno ya chuma yamesuguliwa kwa tupa, hakuna hata moja. Wazungu wamesimama mbele yake na bilauri zao, vichwa upande, kana kwamba itasema.

"Meno umeyafanya nini?"

"Yangewakata watazamaji, mama. Hii sasa si ya jikoni tena. Hili ni taifa letu jipya."

"Taifa lenyewe kibogoyo?"

Mpishi, Mdigo mwenzangu, alicheka nusura aangushe sinia.

"Huwezi kuelewa," akasema yule kijana. "Ukiishusha, umeiua."

"Umeshaiua wewe. Nipeni kiti."

Yeye hakusogea, kiti alikileta mpishi. Nikapanda, nikaing'oa, na lipu ya ukuta ikaja nayo. Wazungu wakapiga makofi! Wakadhani ndiyo maonyesho yenyewe. Na yule bwana, aliyekuwa amenuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa, akaweka mkono kifuani, akainama, akayapokea makofi yangu. Tangu hapo siwaheshimu watu wa kazi hiyo.

Fundi wa chuma wa Ukunda aliichonga meno upya. Rangi niliisugua mwenyewe kwa mchanga, siku baada ya siku, nikiutafuta ule ulaini wa mama. Tui la kwanza lilinuka rangi, nikalimwaga. La pili pia. La tatu nikapikia wali, mavyaa akala, akaramba vidole.

Wajukuu huniambia yule amekuwa mtu mkubwa, picha zake zinatundikwa Ulaya. Na zitundikwe. Mimi mbuzi yangu iko chini, naikalia. Kwenye kiungo kimoja nyekundu imegoma kutoka, na kila nikiiona namsonya.