Vidole Visivyosikia

Hospitalini walimwita Dada Mikono, jina ambalo hakulipenda wala hakulikataa. Alikuwa mtaalamu wa viungo kwa miaka kumi na tisa, katika chumba kirefu cha ghorofa ya chini chenye vitanda vitatu vya ngozi bandia, ngazi ya mbao ya kufanyia mazoezi, na dirisha lililotazama maegesho. Mtu akiteguka, akivunjika na kuungwa, au akiamka mgongo umekaza kama ubao, aliletwa kwake. Naye alikuwa na utaratibu wake. Kwanza aliuliza: ilikuwaje, inauma lini, na panapouma paonyeshwe kwa kidole kimoja tu. Kisha alimtazama mgonjwa akitembea kutoka mlangoni hadi kitandani. Kisha alipima upande mzima kabla ya ule mbovu, ili ajue mtu huyo akiwa salama anakuwaje. Mikono ilikuja mwisho, na mikono ndiyo iliyokata shauri.

Hofu ilianza na vifungo. Asubuhi moja blauzi ya kazini ilimshinda. Vidole vilikizunguka kifungo kana kwamba ni vya mtu mwingine. Akadhani ni baridi. Wiki iliyofuata kikombe kilimponyoka mbele ya wenzake, wakacheka, naye akacheka. Ganzi ilikaa kwenye ncha za vidole vya kulia, halafu ikahamia na kushoto. Akajiambia ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa mtu anayekanda watu kutwa nzima. Akanunua bendeji ngumu akawa anaivaa nyumbani tu. Mumewe, mwalimu wa hesabu asiye na maneno mengi, alianza kumfunga vifungo kila asubuhi, bila kuombwa na bila kuuliza chochote.

Kazini alificha. Akawa anauliza maswali mengi zaidi, anatazama kwa muda mrefu zaidi, na mara nyingine anamwita mwenzake aje athibitishe. Mwenzake huyo alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, aliyefika pale miaka sita nyuma na kuitwa Mgeni siku ya kwanza. Hadi leo ni Mgeni. Kazi yote alijifunza chini ya Dada Mikono. Akiitwa alikuja, akagusa, akasema alichokiona, akarudi kwa mgonjwa wake. Kama alishangaa, hakuonyesha.

Siku moja akaja fundi wa paa, anachechemea. Alisimulia kwamba alikuwa anashuka ngazi, akakanyaga chini vibaya, akahisi kama mtu amempiga teke kisiginoni. Akageuka amtukane. Nyuma hapakuwa na mtu. Kwenye duka la dawa walimwambia ni msuli umevutika, akae siku tatu.

Dada Mikono alimlaza kifudifudi, miguu ikining'inia nje ya kitanda. Akapitisha vidole juu ya kano nene lililo nyuma ya kisigino, kutoka chini hadi kwenye shavu la mguu. Laini, limenyooka, hakuna kitu. Msuli umevutika kweli, akawaza, na kalamu alishaishika. Ni mazoea tu yaliyomfanya amalizie kipimo kilichobaki. Akaubana msuli wa mguu mzima, na unyayo ukajivuta kama kawaida. Akaubana wa mguu mbovu. Unyayo ulining'inia vilevile. Akaubana tena kwa nguvu. Haukutikisika.

Akarudisha vidole pale pale alipopita mwanzo. Havikumwambia kitu. Akamwita Mgeni na kumwomba aguse, bila kumweleza neno. Mgeni aliweka kidole gumba, akakipandisha polepole, akasimama katikati.

"Kuna shimo hapa, dada. Kidole kinazama."

 Fundi aliinua kichwa akauliza kuna nini, Dada Mikono akamweleza kwa sauti yake ya kila siku kwamba kano limekatika, si msuli, na kwamba atamwandikia barua aonwe na daktari wa mifupa leo leo. Barua aliiandika kwa herufi zilizopinda hadi fundi akamtania kwamba sasa amekuwa daktari kamili.

Fundi alipoondoka, Dada Mikono alijifungia kwenye chumba cha mashuka, akiwa na mafaili ya wagonjwa wake wa miezi mitatu. Kama vidole vilimdanganya leo, vilimdanganya mara ngapi? Alipita faili moja baada ya jingine akitafuta kila mahali alipoamua kwa kugusa tu. Mengi hayakumtisha. Moja lilimtisha. Lilikuwa la mpishi wa shule, mwanamke wa makamo aliyekuja na maumivu ya shavu la mguu baada ya kuteleza jikoni. Mwandiko wake mwenyewe ulisema: hakuna joto, hakuna uvimbe, aendelee na mazoezi. Lakini joto alilipima kwa mikono hii hii. Mguu wa namna hiyo unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na bonge hilo likipanda hadi kwenye mapafu, mtu huanguka mara moja. Wiki tano zilikuwa zimepita.

Akapiga simu. Iliita hadi ikakatika. Akapiga tena, ikawa vilevile. Akavua koti jeupe, akamwambia Mgeni anatoka kidogo, akashika njia ya shule kwa miguu. Ni mwendo wa robo saa. Njia nzima alikuwa akijitungia maneno ya kuwaambia watoto wa yule mama.

Jikoni alimkuta mwanamke mwingine mbele ya sufuria. Akasimama mlangoni. Alipouliza hatimaye, yule mwanamke akaonyesha kwa mwiko kuelekea stoo, na humo ndimo alimokuwa mpishi, juu ya kigoda, anachambua mchele, simu yake ikiwa kwenye mkoba ukutani. Mguu ulikuwa umepona wiki mbili zilizopita. Dada Mikono aliomba aupime hata hivyo. Akatoa utepe wa kupimia, akauzungusha kwenye shavu la kila mguu, miguu ikawa sawasawa.

"Siku hizi mnatufuata hadi stoo?" mpishi akauliza, akicheka. Dada Mikono alijibu kwamba wanafuatilia wagonjwa wote, akaondoka haraka kabla machozi hayajamwaibisha.

Akirudi, alijikwaa mara mbili kwenye ukingo wa barabara, mahali palipokuwa tambarare. Mgeni alikuwa dirishani. Alimwona akiingia getini na kuvuka maegesho yote, na alipofika chumbani, Mgeni akafunga mlango.

"Dada, tangu lini unatembea umepanua miguu hivyo?"

Dada Mikono akaitazama miguu yake. Miaka yote hiyo aliwatazama wengine wakitembea, na mwendo wake mwenyewe hakuujua. Mgeni akamvutia kiti, akaanza kuuliza yale yale aliyofundishwa naye. Ilianza lini? Upande gani? Nini kinaizidisha? Alijibu nusu nusu. Alipoulizwa kuhusu ngazi za nyumbani, alisema anapanda vizuri tu. Mgeni aliweka kalamu chini.

"Mgonjwa wako angekujibu hivyo, ungemwamini?"

Basi akasema yote: kwamba hushika ukuta akipanda, kwamba hajui mguu umekanyaga wapi mpaka autazame, kwamba asubuhi havai blauzi bila mumewe. Mgeni akamwambia akunje na kukunjua ngumi upesi kwa sekunde kumi. Mtu mzima hufikisha ishirini na zaidi. Alifikisha kumi na moja. Akamwambia atembee kisigino kikigusa kidole kama anayepita juu ya kamba, akaishia ukutani. Nyundo ya mpira ilipogusa goti, mguu uliruka kama umechokozwa. Mwisho Mgeni akakishika kidole chake cha kati, akaubetua ukucha kwa chini. Kidole gumba, ambacho hakuna aliyekigusa, kikajikunja chenyewe.

"Rudia," akasema.

Mgeni akarudia. Kikajikunja tena.

Wote wawili walijua. Si kifundo cha mkono. Ni shingo, na kilichobanwa humo ni uti wa mgongo wenyewe, unaobeba habari zote za mikono na miguu. Bendeji yake ya nyumbani ilikuwa imempotezea miezi. Akauliza swali ambalo wagonjwa walimuuliza kila siku, kama atarudi kazini. Mgeni alisema hajui. Dada Mikono alimshukuru kwa kutomdanganya.

Nyumbani alimweleza mumewe wakimenya viazi. Mwalimu akakiri kwamba vifungo vilimtisha tangu mwanzo, ila aliogopa kuuliza. Picha ya shingo ilithibitisha. Daktari wa upasuaji alisema wazi kwamba anapasua ili ugonjwa usiendelee. Kilichokwisha kupotea hawezi kukiahidi. Siku kumi na tisa za kungoja aliziishi na kola ngumu ya hospitali shingoni, akiogopa kupiga chafya, akiogopa beseni la kuogea, akiogopa hata kumgeukia binti yake anapomwita kutoka nyuma.

Upasuaji ulienda salama. Miguu ilirudi karibu yote. Mkono wa kulia ulirudi kiasi. Wa kushoto una vidole viwili ambavyo hadi leo ni kama vimevaa glavu. Baada ya miezi saba alirudi chumbani kwake, na sasa kila mgonjwa mpya huambiwa mapema kwamba yeye atauliza na kutazama, na mwenzake ndiye atakayegusa.

Juzi alikuja dereva wa lori, analalamika bega. Dada Mikono alimtazama akiingia, akamuuliza maswali manne, akaandika barua apigwe picha ya shingo haraka. Mgeni alipima, akaona dalili ni hafifu, akasema labda wangesubiri wiki mbili kwanza. Dada Mikono alikataa. Dereva ameenda na barua, na tangu hapo kila simu ya mapokezi ikiita, yeye huacha anachofanya na kusikiliza. Majibu bado hayajaja.