Siku Niliyouliza Idadi ya Ng'ombe

Mimi ni daktari wa mifugo huku Konoin, na wakati wa kampeni ya chanjo ya ugonjwa wa miguu na midomo niligundua kwamba watu wetu husikiliza vizuri sana saa kumi jioni, kwenye kituo cha majani chai. Chai imeshachumwa, iko kwenye magunia, lori la kiwanda limechelewa, na hakuna anayeweza kuondoka. Hapo hata mhubiri mbaya anapata waumini.

Nilikuwa nimejiandaa. Tetesi zilikuwa zimenitangulia kwenye simu za watu: ng'ombe akichanjwa hazai tena. Ng'ombe akichanjwa hajambi tena, anavimba tu mpaka basi. Nilikuwa na jibu la kila moja na, nakiri, nilijipenda. Msemaji wa wapinzani alikuwa mwalimu mstaafu, jirani wa mama yangu.

"Daktari, wewe ndio umesomea hii mambo. Ng'ombe ikikosa kujamba, ile hewa itaenda wapi?"

"Mwalimu, njoo josho siku ya chanjo, usimame nyuma ya ng'ombe. Utapata jibu mwenyewe."

Kituo kizima kilicheka, hata karani wa mizani. Nikaona nimewamaliza. Nikatoa fomu, nikamgeukia mwalimu huyo huyo mbele ya watu wote. "Haya, tuanze na wewe. Una ng'ombe wangapi?"

Kicheko kilikatika. Mwalimu akaanza kukagua magunia yake kana kwamba yana kasoro. Mtu akasema lori linakuja, na wote wakasogea barabarani kulitazama. Halikuwa linakuja.

Mimi si mgeni hapa. Nimelelewa kwa mursik, maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, kama mtoto yeyote wa Kipsigis, na najua tangu utotoni kwamba ng'ombe wa mtu hawahesabiwi mbele za watu, kama vile watoto wake wasivyohesabiwa. Ni kuwaitia balaa. Lakini fomu ilikuwa na safu ya idadi, na mimi nilikuwa na kalamu mkononi. Nilisoma miaka mingi ili niweze kufanya upumbavu wa namna hiyo.

Mama yangu alikuwa pale na majani yake. Jioni nilipompitia nyumbani hakunipa chai, na kwetu hiyo si adhabu ndogo.

"Wewe msichana. Unasimama mbele ya watu unauliza mzee hesabu ya ng'ombe yake?"

"Ni fomu, mama."

"Na hiyo fomu haina mama?" Akaendelea kuosha sufuria. "Sasa wanasema nyinyi wa serikali mnahesabu kwanza, halafu mnakuja kuchukua. Hakuna mtu ataleta."

Niliona aibu, kisha nikaingiwa na hofu. Ugonjwa ulikuwa umeshafika ng'ambo ya kijito. Ng'ombe mweusi wa mama (ana wangapi sisemi, nimekoma) alikuwa na mimba, mwezi wa mwisho. Akiugua sasa, ndama angetoka kabla ya wakati, na huenda tungempoteza na yeye.

"Hii nyeusi yangu utachanja?" mama akauliza.

"Hapana. Siku zake zimekaribia. Siogopi dawa, naogopa vile atasukumwa na kubanwa pale josho. Asubiri azae."

"Sasa yangu inakingwa na nini?"

"Na ng'ombe za majirani. Zote zikichanjwa, ugonjwa utakosa pa kupitia."

"Hawa majirani umetukana leo?"

"Hao hao."

Hapo ndipo aliponimiminia chai.

Kesho yake nilirudi kituoni nikaomba radhi kabla ya neno lingine lolote. Nikasema kila mtu atanitajia ng'ombe wake kwa rangi, hesabu nitajifanyia mwenyewe ofisini. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, lakini hakuwa amenimaliza.

"Sasa tuambie ukweli. Madhara iko ama haiko?"

Mpaka siku ile nilikuwa nikijibu kwamba hakuna madhara kabisa. Lilikuwa jibu jepesi, na lilinivusha mikutano mingi. Lakini mama alikuwa amekaa juu ya gunia lake akinitazama, na sikuweza kulitamka.

"Iko," nikasema. "Maziwa itapungua siku mbili tatu. Zingine zitavimba kidogo pale pa sindano. Na ile iko karibu kuzaa, usilete."

Minong'ono ikaanza. Nilijua nimeharibu kazi yangu mwenyewe. Ndipo mama akasimama, mwanamke ambaye hata kanisani hukataa kuomba kwa sauti.

"Yangu iko karibu kuzaa. Haitachanjwa, mtoto wangu mwenyewe amekataa. Nyinyi mkikaa na zenu nyumbani, huo ugonjwa utavuka maji uje kwangu. Mimi hiyo sayansi sijui. Nawaomba tu."

Akaketi. Lori likafika, safari hii kweli, na kila mtu akashika gunia lake. Nilimwonea uchungu kuliko nilivyowahi kujionea mimi.

Siku ya chanjo, saa mbili asubuhi, josho lilikuwa tupu. Saa tatu, tupu. Nilisimama kando ya sanduku la barafu lenye dawa, machozi yakinilengalenga. Mama alikuwa amekuja na chupa ya chai. Alikaa tu kwenye nyasi akiangalia barabara.

Mwalimu ndiye aliyetokea wa kwanza kwenye kona, amevaa koti lake la kanisani, akiswaga ng'ombe wake. Nyuma yake barabara ilikuwa imejaa ng'ombe na wenyewe. Alinipita bila salamu, akaenda mpaka alipokaa mama, akavua kofia.

"Mama," akasema, "hizi nimeleta kwa sababu ya ile yako."